Mtakatifu Haulizwi: Ambedkar Mbele ya Kamera

Anayetaka kutengeneza filamu ya makala kuhusu Bhimrao Ramji Ambedkar hatapungukiwa na mambo ya kusimulia. Ambedkar alizaliwa tarehe 14 Aprili 1891 katika kambi ya jeshi ya Mhow, katikati ya India, mtoto wa kumi na nne wa askari wa jamii ya Wamahar, jamii iliyohesabiwa kuwa najisi tangu tumboni. Shuleni alikalia kipande cha gunia alichokwenda nacho asubuhi na kurudi nacho jioni, kwa kuwa mfagizi wa shule hakukubali kukigusa. Mwaka 1913 alivuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa ufadhili wa mtawala wa Baroda. Baadaye akasoma London, akarudi na elimu ambayo Wahindi wachache mno wa wakati wake walikuwa nayo. Mwaka 1947 alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India huru, katiba ambayo ibara yake ya 17 inafuta desturi ya kuwatenga watu kwa madai ya unajisi. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliuacha Uhindu akaingia Ubuddha, na mamia ya maelfu ya watu wake wakamfuata. Hazikupita hata siku sitini akafariki. Mwongozaji akiyapanga haya kwa mfuatano, akatia na muziki wa huzuni, kazi imekwisha, na watazamaji watatokwa na machozi. Hata hivyo nashikilia kwamba filamu ya namna hiyo, ingawa kila tarehe yake ni sahihi, inamsaliti mtu inayemsifu. Usaliti huo ni wa kidini zaidi kuliko wa kisanaa: unamfanya mtakatifu mtu aliyetumia maisha yake kupinga tabia ya kukipandisha kitu mahali patakatifu ili kisiulizwe.

Ushahidi wa kwanza ni hotuba ambayo hakuitoa. Mwaka 1936 chama cha Wahindu wapenda mageuzi wa Lahore, Jat-Pat-Todak Mandal, kilimwalika aongoze mkutano wao wa mwaka. Hawa hawakuwa maadui zake. Wengi wao walitoka matabaka ya juu na walitaka matabaka yakome. Walipoisoma hotuba yake kabla ya siku ya mkutano, waliingiwa na hofu, wakamwomba aondoe sehemu zilizogusa Veda na maandiko mengine ya kale. Alikataa. Mkutano ukafutwa, naye akaichapisha hotuba kwa fedha zake mwenyewe, nakala 1,500, kwa jina la Annihilation of Caste. Kilichowatisha wenyeji wake ni hoja moja. Watu wanaowatenga wenzao, alisema, hawafanyi hivyo kwa sababu ya ukatili wa moyo au upungufu wa akili. Wanafanya hivyo kwa sababu ni wacha Mungu. Dini yao imewafundisha kwamba tabaka ni amri, nao wanaitii amri. Kwa hiyo si haki, wala haina faida, kumlaumu mtii huku ukiiacha amri. Kula pamoja siku moja kwa mwaka hakutoshi, hata ndoa za mchanganyiko hazitaenea, mpaka utakatifu wa maandiko yaliyohalalisha utengano uondolewe katika vichwa vya watu.

Hoja hiyo ina uzito mkubwa kwa mtu anayeshika kamera, maana inamnyang'anya kitu ambacho filamu hukipenda sana, yaani mtu mbaya. Filamu nyingi za ukombozi huhitaji bwana shamba mwenye kiboko, mwenye macho mekundu, ambaye mtazamaji atamchukia kisha aende kulala akijiona yuko upande wa haki. Katika India wamekuwako watu wa namna hiyo, na wapo hadi leo. Damu iliyomwagika vijijini inatosha kuthibitisha. Lakini Ambedkar hakuijenga hoja yake juu yao. Kumbukumbu zake fupi, Waiting for a Visa, zinasimulia mambo ya aina nyingine kabisa. Shuleni hakuruhusiwa kugusa bomba la maji. Tarishi wa shule ndiye aliyemfungulia, na siku ambayo tarishi hakuwapo, mtoto alishinda na kiu. Tarishi huyo hakuwa jitu la kutisha. Alikuwa mfanyakazi wa mshahara mdogo aliyeijua zamu yake. Mwaka 1901 Ambedkar na watoto wenzake wa nyumbani walishuka kwenye kituo cha reli cha Masur, wamevaa vizuri, wakienda kumtembelea baba aliyekuwa akifanya kazi mbali. Walipojulikana ni Wamahar, hakuna mwenye gari la ng'ombe aliyetaka kuwabeba. Mwishowe akapatikana mmoja aliyekubali kwa nauli maradufu, kwa sharti kwamba watoto waendeshe gari wenyewe na yeye afuate kwa miguu. Usiku uliwakuta njiani wakiwa na chakula tele na bila tone la maji, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kuwapa. Wakalala na njaa, chakula kikiwa mbele yao.

Ningependa mwongozaji akae hapo, kwenye gari lile, kwa muda mrefu kuliko atakavyotaka mfadhili wake. Mwenye gari alipokea fedha za watoto bila kusita. Fedha zilipita mkono kwa mkono, na hazikuhesabiwa kuwa najisi. Kilichokataa kupita ni maji, na ukaribu wa mwili. Humo mna jibu kwa wote wanaosema kwamba suala la matabaka ni umaskini tu, na kwamba uchumi ukikua litayeyuka lenyewe. Watoto wale walikuwa na nguo safi, na nauli, na baba mwenye kazi. Vyote hivyo havikuwapatia kikombe cha maji. Ambedkar aliwaambia wanajamaa wa wakati wake jambo hilohilo: mageuzi ya mali peke yake hayatavuka mpaka uliochorwa na imani. Filamu itakayomwonyesha mwenye gari kama mnyama itakuwa imeua ushahidi huu, kwa sababu mnyama hafundishi chochote juu ya imani. Aonyeshwe kama alivyokuwa, mtu wa kawaida anayeogopa kutenda dhambi.

Kuna pingamizi kubwa hapa, na aliyelitoa alikuwa Gandhi mwenyewe. Baada ya hotuba ile kuchapishwa, Gandhi aliijibu katika gazeti lake, Harijan, mwezi Julai 1936. Alimheshimu Ambedkar na kukiri kwamba malalamiko yake yalikuwa ya kweli. Lakini, alisema, dini haipimwi kwa wafuasi wake waliopotoka bali kwa walio bora. Na Uhindu umetoa watakatifu wengi walioishi kwa usawa na kuwapenda wanyonge. Je, imani iliyowazaa watu kama hao inaweza kuwa mbovu kiasi kile? Filamu ya haki haina budi kumpa Gandhi nafasi hii, tena kwa ubora wake wote, si kumkata sentensi ili aonekane mjanja. Waumini wa dini zote wameutumia utetezi huu, na wengi wetu tunautumia kila tunapoulizwa juu ya ndugu zetu katika imani.

Jibu la Ambedkar ndilo mhimili wa yote ninayoyasema. Watakatifu, alijibu, walihubiri usawa wa wanadamu mbele ya Mungu. Wengi wao hawakuhubiri usawa wa mtu na mtu. Na hata waliovunja mipaka ya tabaka kwa matendo yao hawakuwa mfano wa kuigwa, kwa sababu umma ulifundishwa kwamba mtakatifu anaweza kuvunja tabaka lakini mtu wa kawaida asithubutu. Akabaki wa kuheshimiwa, na maisha ya watu yakaendelea vilevile. Ushahidi upo Maharashtra, jimbo la Ambedkar mwenyewe. Chokhamela, mshairi mtakatifu wa karne ya 14, alikuwa Mmahar. Wahindu wa kila tabaka wamezipenda beti zake kwa vizazi na vizazi, na kaburi lake lipo miguuni pa hekalu la Vitthal mjini Pandharpur. Nje, lakini. Watu wa jamii yake hawakuruhusiwa kuingia hekalu hilo mpaka mwaka 1947, baada ya Sane Guruji, mwanamageuzi aliyezaliwa Mbrahmini, kufunga kula ili milango ifunguliwe. Miaka mia sita ya kumsifu Chokhamela haikumfungulia mlango Mmahar hata mmoja. Ambedkar aliliona hilo kwa macho yake, na alipoichapisha The Untouchables mwaka 1948 aliitabaruku kwa kumbukumbu ya watakatifu watatu waliozaliwa kati ya waliotengwa, Chokhamela akiwa mmoja wao. Aliwapenda. Alijua pia kwamba heshima waliyopewa ilikuwa njia nzuri ya kutowafuata.

Sasa tumtazame Ambedkar mwenyewe ndani ya filamu ya machozi: mtoto mwenye kipaji cha ajabu, mateso, safari ng'ambo, ushindi, kifo. Mtazamaji anaambiwa nini? Anaambiwa kwamba palikuwa na mtu mmoja asiye wa kawaida, na kwamba mtu huyo, kwa ukubwa wake, alivuka. Anayetoka matabaka ya juu anaweza kumpenda Ambedkar huyu bila taabu yoyote, kama babu zake walivyompenda Chokhamela, kisha akatafuta mke wa kijana wake ndani ya jamii ileile kama kawaida. Ndiyo maana leo viongozi wa vyama vinavyopingana katika kila jambo husimama pamoja kila tarehe 14 Aprili kumvisha Ambedkar shada la maua, wakati wanaoshuka kwenye mashimo ya maji taka ya miji yao ni watu wa jamii zilezile, na wengine hufia humo kwa hewa chafu, licha ya sheria za mwaka 1993 na 2013 zilizotungwa kukomesha kazi ya kuzoa kinyesi kwa mikono. Mtu akishakuwa wa wote, maneno yake hayamchomi tena yeyote.

Filamu mbadala ninayoitetea haina haja ya kumficha mtu. Inachohitaji ni kumwonyesha akiwa katikati ya hoja na katikati ya watu. Chukua tukio la Mahad, mji mdogo wa Konkan, mwezi Machi 1927. Baraza la kutunga sheria la Bombay lilikwisha kupitisha azimio mwaka 1923 kwamba visima, mabwawa na shule za umma ziwe wazi kwa wote, na manispaa ya Mahad ikalikubali. Karatasi ilikuwa tayari. Watu hawakuthubutu kuitumia. Kijana wa huko, Ramchandra Babaji More, ndiye aliyehangaikia mkutano wa waliotengwa na kumwita Ambedkar. Surendranath Tipnis, kiongozi wa manispaa ambaye hakuwa wa jamii iliyotengwa, akaunga mkono. Tarehe 20 Machi maelfu ya wajumbe walitembea kwa mistari mpaka kwenye bwawa la Chavdar, wakateka maji kwa viganja, wakanywa. Muda mfupi baadaye ukazuka uvumi kwamba wanataka kuingia hekaluni pia, na wakapigwa kwa marungu, wengine wakiwa bado wanakula. Ambedkar aliwazuia watu wake wasilipize. Kisha wakazi wa matabaka ya juu wakalitakasa bwawa: mitungi 108 ya maji ilitolewa na nafasi yake kujazwa mchanganyiko wa mavi na mkojo wa ng'ombe, maziwa na mtindi, huku makuhani wakisoma mantra, maji yakatangazwa kuwa safi tena.

Tukio hili lina hoja nzima ndani yake, na linaweza kuonekana kwa macho bila msimulizi kusema neno. Ng'ombe na mbwa walikunywa katika bwawa hilo kila siku bila kulichafua. Mwislamu na Mkristo waliteka bila kizuizi. Iliyolitia najisi ni midomo ya Wahindu wenzao, na kilicholisafisha ni kinyesi cha mnyama. Kamera inayokaa kwenye mitungi hiyo kwa utulivu, bila dharau, huku mtu anayeiamini ibada hiyo akieleza maana yake kwa maneno yake mwenyewe, itamfanya mtazamaji aulize swali ambalo Ambedkar alitaka liulizwe: mtu mwema anafikaje mahali pa kuona jambo hili ni wema? Mwezi Desemba mwaka huohuo walirudi Mahad. Mahakama ilikuwa imetoa zuio la muda, wakaliheshimu, hawakugusa maji. Lakini tarehe 25 Desemba walikichoma moto kitabu cha kale cha sheria za Manu, kilichohalalisha utengano, kwa pendekezo la Mbrahmini aliyekuwa upande wao, Gangadhar Sahasrabuddhe, kwenye uwanja waliopewa na Mwislamu baada ya wengine kuwanyima mahali. Kesi ya bwawa ilimalizika katika Mahakama Kuu ya Bombay mwaka 1937, miaka kumi baada ya viganja vile vya kwanza, na walishinda. Miaka kumi ya mawakili na ya kuahirishwa! Filamu ya shujaa huiruka miaka hiyo kwa sababu haina picha. Mimi naona ndiyo sehemu yenye mafunzo mengi kuliko zote, kwa sababu ndani yake kuna mamia ya watu ambao hawakuwa na kipaji cha pekee, na bado walisimama.

Wanawake hasa. Urmila Pawar na Meenakshi Moon walikusanya masimulizi ya wanawake walioshiriki harakati hizo, wakayachapisha kwa Kimarathi mwaka 1989. Waliwapata waliofunga safari na watoto mgongoni, walioanzisha hosteli za wasichana, waliowagomea waume zao. Sauti zao zilikuwepo muda wote. Watengenezaji filamu hawakuzifuata kwa kuwa macho yao yalikuwa yamemganda mwanamume mmoja mwenye suti.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la Gandhi, kwa sababu linatoka kwa walioumia. Wewe ni nani, Mdalit, yaani mtu wa jamii zilizotengwa, anaweza kuuliza, hata unifundishe namna ya kumheshimu Babasaheb, kama tunavyomwita Ambedkar? Kwa karne nyingi tulinyimwa miungu, mahekalu, majina mazuri, hata haki ya kupita barabarani. Leo tuna sanamu moja kwenye njia panda ya mtaa wetu: mtu wa kwetu, amevaa suti ya buluu na miwani, ameshika katiba kwapani na amenyoosha kidole mbele. Nanyi mliojaa masanamu mnataka hata hii tuishushe? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kejeli za wasomi wanaoyaona masanamu hayo kuwa ushamba. Sanamu ya Ambedkar ni tamko la kumiliki ardhi ya umma, na maadui wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana huivunja mikono na kuitia matope. Katika jimbo la Tamil Nadu nyingi zimezungushiwa vizimba vya chuma ili zisishambuliwe. Mwandishi wa katiba anasimama nyuma ya nondo. Mwezi Julai 1997, katika mtaa wa Ramabai Nagar, Mumbai, wakazi waliamka wakakuta sanamu yao imevishwa shada la viatu. Walipotoka kuandamana, polisi wakawafyatulia risasi wakaua watu kumi.

Basi sisemi sanamu iondolewe, wala sisemi mama wa Nagpur aache kuwasha mshumaa mbele ya picha ya Ambedkar iliyowekwa kando ya Buddha. Heshima yao wameilipia. Ninachosema ni kwamba filamu ya makala ina kazi tofauti na sanamu. Sanamu inasema, huyu alikuwa wetu na yupo. Filamu imepewa muda, sauti, ushahidi na uwezo wa kuuliza. Ikivitumia vyote kurudia yale ambayo sanamu imekwisha kuyasema vizuri, imeiba muda wa watu. Tena mfano wa kazi iliyofanywa vyema upo, na ulianzia kwenye damu ileile ya Ramabai Nagar. Siku chache baada ya mauaji, mshairi na mwimbaji wa harakati, Vilas Ghogre, alijinyonga kwa uchungu. Anand Patwardhan, mtengenezaji filamu aliyemfahamu, alianza kupiga picha, akaendelea kwa miaka kumi na minne, mpaka Jai Bhim Comrade ilipotoka mwaka 2011, filamu ya zaidi ya saa tatu. Ambedkar ametajwa ndani yake kutoka mwanzo hadi mwisho, ila aliyewekwa mbele si yeye. Waliowekwa mbele ni waimbaji wanaobishana kwa nyimbo, wazoa taka wanaosema walivyolala na harufu mwilini, watu wa tabaka la juu wanaojieleza bila kulazimishwa, kesi ya polisi inayojikokota mahakamani. Anayedai kwamba watazamaji hawawezi kufuata hoja, wanataka hadithi ya mtu tu, aitazame filamu hiyo, na aone namna hoja inavyobebwa na wimbo. Msomaji wa Kiswahili aliyekulia katika malumbano ya washairi hahitaji kushawishiwa juu ya hili.

Patwardhan si Mdalit, na hapo linazuka swali la nani ana haki ya kusimulia. Mwaka 2014 shirika la Navayana lilipotoa chapa mpya ya Annihilation of Caste ikiwa na utangulizi mrefu wa Arundhati Roy, waandishi wengi wa Kidalit walikasirika: utangulizi ulikuwa mrefu kuliko baadhi yao walivyoona inafaa, ulimzungumzia mno Gandhi, na jina la mwandishi mashuhuri wa tabaka la juu lilielekea kumfunika mwenye kitabu. Malalamiko hayo yana haki ndani yake. Sikubali kwamba asiyezaliwa Mdalit hana ruhusa. Huko ni kurudisha uzawa mlangoni baada ya kuufukuza dirishani, na Ambedkar aliwapokea Sahasrabuddhe na Tipnis bila kuwauliza nasaba. Nakubali kwamba bajeti, uhariri na neno la mwisho visikae mikononi mwa watu walewale siku zote. Anayetoka nje ya jamii hiyo anayo kazi moja ambayo inamfaa kuliko kulia pamoja na walioonewa: kuigeuza kamera ielekee upande wake mwenyewe, nyumbani kwake, kwenye matangazo ya ndoa yanayotaja tabaka, kwenye kikombe kilichotengwa jikoni kwa ajili ya mfanyakazi wa ndani.

Filamu isiyoogopa itagusa pia mahali Ambedkar alipokosea au alipopingwa. Aliwaandika watu wa makabila ya misituni kwa lugha ya kuwadunisha, kama washenzi wanaongoja kustaarabishwa. Katika mahojiano na BBC mwaka 1955 alimshambulia Gandhi kwa ukali ambao mashabiki wa wote wawili hupenda kuunyamazia. Katika kitabu chake cha mwisho, The Buddha and His Dhamma, kilichotoka mwaka 1957 akiwa ameshafariki, alitilia shaka kama Kweli Nne Tukufu zilikuwa mafundisho asilia ya Buddha, na Wabuddha wengi walishtuka, wengine wakasema hii ni dini ya Ambedkar, si ya Buddha. Wapewe nafasi waseme. Watazamaji wakisikia ubishi huo wataielewa Nagpur kwa undani zaidi. Ambedkar hakuiacha dini. Aliamini jamii haiwezi kuishi bila dini, akatofautisha dini ya masharti, inayokuambia la kufanya kila saa, na dini ya misingi, inayokuachia wajibu wa kufikiri. Alikuwa ametangaza tangu mwaka 1935, mjini Yeola, kwamba hatakufa akiwa Mhindu, kisha akatumia miaka ishirini na moja akisoma kabla ya kuhama. Buddha aliyemchagua, kama alivyomwelewa, hakudai uungu na alijiita mwonyeshaji njia tu, akawaruhusu wafuasi wake kuyapima aliyowafundisha. Nagpur ilikuwa ibada, naam, na watu walikula viapo ishirini na viwili. Lakini ni ibada ya kumfuata mwalimu anayeruhusu kuulizwa. Kuipiga picha kama mwujiza wa nabii mpya ni kuigeuza kinyume.

Mwenyewe alikwisha kutoa onyo. Tarehe 25 Novemba 1949, siku moja kabla ya katiba kupitishwa, aliwaambia wajumbe wa bunge la katiba kwamba kumsujudia mtu katika dini huenda kukawa njia ya wokovu, lakini kumsujudia mtu katika siasa ni njia ya uhakika ya kuporomoka na hatimaye kupata dikteta. Hakuna anayeweza kusema hakujua.

Kwa nini msomaji wa Mombasa, Kigoma au Bujumbura ajishughulishe na haya? Kwanza kwa sababu jamii za Kihindu zilizovuka Bahari ya Hindi zilikuja Afrika Mashariki na jati zao, yaani matabaka yao ya kuzaliwa, na kwa muda mrefu ziliendesha shule, kumbi na ndoa zao kwa kuzifuata. Pili kwa sababu yetu wenyewe. Mwaka 1916, akiwa mwanafunzi Columbia, Ambedkar aliwasilisha makala yake iliyosema kwamba roho ya tabaka ni kuoana ndani ya kundi tu. Funga mlango wa ndoa, na utengano mwingine wote utafuata. Pwani yetu inajua maana ya binti kukataliwa mchumba kwa kuwa si kufu yake, kwa kuwa babu wa babu yake alikuwa mtumwa, na inajua jinsi neno la dini linavyoitwa kuja kutetea jambo hilo. Katika Rwanda na Burundi, Watwa walikataliwa na majirani zao kula na kunywa nao chombo kimoja. Mwaka 2001, mkutano wa Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi ulipokutana Durban, Wadalit walifika kwenye ardhi ya Afrika kuomba suala lao litambuliwe, na serikali ya India ikapinga lisiingizwe.

Ombi langu ni kwa wahariri wa televisheni za Nairobi na Dar es Salaam wanaonunua filamu za nje na kuzitafsiri, na kwa vijana wetu wanaotengeneza filamu kuhusu wanamageuzi wa kwetu. Kabla ya kukubali filamu ya mtu yeyote aliyepinga ubaguzi, ulizeni kama hoja yake imo ndani, kama aliyempinga amesikika, na kama watu aliosimama nao wana majina. Ikiwa kilichomo ni uso wake na muziki tu, irudisheni kwa aliyeileta.